Idadi ya Mifupa Si Somo la Mifupa

Wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la mifupa hufuata njia ile ile. Chati hutundikwa, fimbo huelekezwa, na darasa huitikia kwa sauti moja: mwili una mifupa 206, unyayo una mifupa 26. (Kwa neno unyayo tunakusudia hapa sehemu yote ya mguu, tangu kifundo hadi ncha za vidole.) Kisha mwalimu mwanafunzi huandika katika andalio lake kwamba lengo la somo limefikiwa. Sisi hatukubali. Kilichofikiwa ni kukariri hesabu ambayo huenda isiwe kweli kwa baadhi ya watoto waliomo darasani humo.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe. Iko mifupa 7 ya kifundo, kisigino na sehemu iliyo mbele yake, mifupa 5 mirefu ya katikati, na pingili 14 za vidole: kidole gumba pingili 2, na kila kimoja cha vidole vingine pingili 3. Lakini kidole cha mwisho hakiifuati kanuni hiyo kwa watu wote. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba watu wengi wenye afya wana pingili 2 tu katika kidole hicho. Miongoni mwa Wajapani hao ndio walio wengi. Mtu wa namna hiyo hana mifupa 26, naye hatembei vibaya kwa sababu hiyo. Wengine wana ziada. Upande wa ndani wa unyayo huweza kuwapo kijifupa kinachotokeza kama kinundu. Nyuma ya kifundo huweza kubaki kipande ambacho kwa watu walio wengi huungana na mfupa wake wakati wa kukua. Na vile vijifupa 2 vilivyo chini ya shina la kidole gumba, ambavyo karibu kila mtu anavyo, havimo kabisa katika hesabu ya 26!

Wapasuaji wa maiti walizijua baadhi ya tofauti hizi zamani. Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei mwaka 1895, tofauti hizo zilianza kuonekana kwa watu walio hai, na tatizo likazaliwa: kipi ni maumbile, na kipi ni jeraha? Tatizo si dogo. Mwaka 1973 daktari Mmarekani, Theodore Keats, alitoa kitabu kizima cha picha za maumbile ya kawaida yanayoweza kudhaniwa kuwa ugonjwa. Ikiwa madaktari wenyewe walihitaji kitabu kama hicho, mwalimu atatoshekaje na chati moja?

Tena chati hiyo ni ya mtu mzima, hali wanafunzi wetu ni watoto. Katika mwili wa mtoto baadhi ya sehemu za mifupa bado ni gegedu, na gegedu haionekani katika picha ya eksirei. Huonekana kama nafasi tupu. Kati ya miaka 9 na 14 hivi, wasichana wakitangulia, kwenye shina la mfupa mrefu ulio upande wa kidole cha mwisho hutokea kipande chembamba kilichotengwa kwa mstari mweusi. Asiyejua atasema mfupa umevunjika. Ajuaye hutazama mwelekeo: mstari wa ukuaji hufuata urefu wa mfupa, bali mvunjiko wa mahali hapo aghalabu huukata mfupa kwa upana. Hutazama na kingo, kwani kijifupa cha maumbile huwa na kingo laini zilizoviringana. Hubonyeza mahali penyewe na kuuliza kama panauma. Pengine huulinganisha mguu huo na wa pili, ingawa tofauti nyingine huwa upande mmoja tu.

Huo ndio utaratibu tunaoutaka darasani: kutazama, kulinganisha, kuuliza, na hukumu ije baadaye.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi anahitaji kwanza jibu moja thabiti. Tunawaelewa, wala hatusemi 26 ifutwe ubaoni. Iandikwe, na mbele yake yaandikwe maneno mawili: kwa kawaida. Pasipo maneno hayo mtoto mwenye kinundu mguuni huitwa kilema na wenzake, huku mwalimu akiwa amewapa ushahidi wa chati. Lakini tahadhari: mwalimu asije akageuka tabibu na kumwambia mtoto anayechechemea kwamba hayo ni maumbile tu. Kijifupa cha ziada chaweza kuuma, hasa kwa mchezaji wa mpira. Mtoto mwenye maumivu apelekwe zahanati.

Chumbani mwa darasa zana haziko mbali. Watoto wavue viatu, wakae wawili wawili, wapapase visigino, vifundo na vidole, kisha wachore walichokiona kwa mwenzao na si kilichochorwa kwenye chati. Na katika mtihani, badala ya kuuliza unyayo una mifupa mingapi, tuulize: Juma amehesabu pingili 2 katika kidole chake cha mwisho, na Asha amehesabu 3. Eleza jinsi wote wawili wanavyoweza kuwa wamesema kweli.