Mjumbe Hauawi, Lakini Huhojiwa

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba mjumbe hahojiwi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kazi ambayo vijana wetu wengi hujifunza wenyewe siku hizi, nayo ni kuandika amri zitakazotumwa na kompyuta kwa seva iliyo mbali, pasipo mtu kuketi mbele yake.

Seva ya wavuti hupokea maombi kwa njia ya mtandao na kurudisha majibu. Mbali na mlango wa wateja, seva nyingi zina mlango wa utawala, ambao msimamizi huutumia kuweka programu mpya, kuisimamisha au kuianzisha tena. Mfano mzuri ni Tomcat, iliyokabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Mlango wake wa utawala una sura mbili: kurasa zenye vitufe kwa ajili ya binadamu, na maandishi matupu kwa ajili ya kompyuta. Anwani yenye maneno /manager/text/list huleta orodha ya programu zilizopo. Anwani yenye neno deploy huweka programu mpya. Msimamizi huweza kuziandika amri hizo katika faili moja, nazo zikatumwa kwa chombo kama curl saa nane za usiku, yeye akiwa amelala.

Faida yake ni dhahiri. Faili halichoki, wala halisahau hatua ya tatu. Lakini faili hutii yale tu yaliyoandikwa, na hapo ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Katika chuo kimoja nilikofundisha, niliandika faili la namna hiyo ili kubadili programu iliyowaonyesha wanafunzi ratiba ya mitihani. Mstari wa mwisho ulisema: Kazi imekamilika. Asubuhi niliusoma, nikaridhika. Kumbe seva ilikuwa imeikataa programu mpya, kwa sababu sikuwa nimeamuru kwamba ile ya zamani ibadilishwe. Wanafunzi waliendelea kusoma ratiba ya zamani, na baadhi yao walifika ukumbini mtihani wao ukiwa umekwisha.

Kosa halikuwa la seva. Katika itifaki ya HTTP kila jibu huja na namba, na 200 maana yake ni kwamba ombi limepokewa na kushughulikiwa. Mlango huu wa Tomcat huweza kurudisha 200 hata pale amri yenyewe iliposhindikana. Ukweli umo katika neno la kwanza la jibu, OK au FAIL. Faili langu liliitazama bahasha, halikuisoma barua.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi, si ya shule. Siafikiani nao. Mwanafunzi anayeandika jibu alitarajialo bila kuitazama kipimajoto hutenda kosa lile lile nililolitenda mimi. Tabia ya kuhoji matokeo hujengwa shuleni, si kazini.

Kadhalika, mjumbe asipewe mamlaka kupita haja ya safari yake. Tangu toleo la 7, Tomcat hutenganisha ruhusa ya kutumia vitufe na ruhusa ya kutuma amri za maandishi. Utengano huo uheshimiwe. Neno la siri nalo lisiandikwe ndani ya faili ambalo wengine hulisoma, wala lisipitishwe njiani bila kufichwa kwa HTTPS.

Kwa walimu nina pendekezo moja. Mwanafunzi akileta faili lake la amri, msilijaribu seva ikiwa nzima peke yake. Izimeni seva, kisha liendesheni tena. Faili likisema kwamba kazi imekamilika, mrudishieni mwenyewe akalirekebishe, hata kama amri zake zote ni sahihi.