NYUMBA NA MATUMIZI: Kipozeo cha Kompyuta, Je, Bei Kubwa Ina Haki Yake?

Kompyuta siku hizi imeingia katika nyumba nyingi za askari. Watoto huisomea, mama huiwekea hesabu za biashara yake ndogo, na baba arudipo kutoka lindoni huitazamia habari na mpira. Pamoja na kuingia kwake yamekuja maswali mapya ya fedha, na mojawapo ni hili: kijana wa nyumba ataka anunuliwe kipozeo cha Dola 150, na baba hajui kama hilo ni hitaji au ni tamaa. Swali hili si la mzaha. Katika nyumba ya koplo fedha hiyo yaweza kuwa karo ya mtoto, au unga wa miezi kadhaa. Basi yafaa jambo lipimwe kwa haki, pasipo kumdharau kijana, wala kuuamini upesi ulimi wa mwuza duka.

Kwanza ifahamike kazi ya chombo chenyewe. Prosesa, ambayo ndiyo bongo ya kompyuta, hula umeme na kuugeuza karibu wote kuwa joto. Prosesa ya kiasi, kama Ryzen 5 7600 ya kampuni ya AMD, imepangiwa Wati 65. Kubwa zake, kama Core i9-13900K ya Intel iliyotolewa mwaka 2022, yaweza kufikia Wati 253. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue: hiyo ya AMD ifikapo nyuzi 95 za Selsiasi, na hiyo ya Intel ifikapo nyuzi 100.

Kipozeo huketi juu ya prosesa. Chini kina bamba, na katika bamba hilo hupita mirija ya shaba iliyozibwa pande zote, yenye maji kidogo ndani. Maji huchemka penye joto, mvuke hukimbilia kwenye mapezi membamba ya alumini, feni huyapuliza mapezi hayo, na mvuke hupoa ukawa maji tena na kurudi ulikotoka. Hayo ndiyo yote. Kanuni ni ile ile katika kipozeo cha bei ndogo na katika kile cha bei kubwa.

Sasa vilinganishwe viwili vijulikanavyo. Kampuni ya Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ilitoa kipozeo cha NH-D15 mwaka 2014, nacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vilivyo bora kabisa. Mrithi wake, NH-D15 G2, alitolewa mwaka 2024 kwa bei ya Dola 149.90. Upande wa pili ipo Thermalright ya Taiwan, yenye kipozeo cha Peerless Assassin 120 SE, ambacho mara nyingi kimeuzwa chini ya Dola 40. Nacho kina minara miwili ya mapezi, mirija sita na feni mbili. Katika vipimo vya wachunguzi, vipozeo vya namna hizi mbili vimeachana kwa nyuzi chache tu. Prosesa isiyofikia kikomo chake haipati mwendo wa maana kutokana na nyuzi hizo chache.

Je, yasemwe basi kwamba wanunuao cha ghali wamepumbazwa? La hasha. Ziada ile ya fedha hununua vitu vya kweli. Hununua utulivu, kwa maana feni kubwa iliyoundwa kwa uangalifu huzunguka polepole, na hewa ikapita bila kelele. Hununua dhamana ya miaka 6. Hununua pia uaminifu baada ya mauzo: Intel ilipobadilisha umbo la kikalio cha prosesa zake mwaka 2021, Noctua iliwapelekea wateja wake wa zamani vifungio vipya bila malipo. Mtu atengenezaye filamu au michoro usiku kucha, katika chumba kimoja na mtoto alalaye, aweza kuiona thamani ya utulivu huo.

Lakini hesabu haina upendeleo. Vipozeo vitatu vya Dola 40 ni Dola 120, nayo bado haijafika 150. Na aliyenunua prosesa kama Ryzen 5 7600 hukuta ndani ya kasha lake kipozeo kidogo kilichokwisha kulipiwa, nacho chatosha kwa masomo, barua na hesabu za duka. Huyo hana haja ya kununua kingine mpaka kazi yake ibadilike.

Tena hakuna kipozeo cha hewa, hata kikiwa cha bei gani, kiwezacho kuipoza prosesa kupita hewa ya chumba. Ikiwa chumba kina nyuzi 22 na prosesa ina nyuzi 70, basi chumba kikifika nyuzi 30, kwa kazi ile ile na mwendo ule ule wa feni, prosesa itakaribia 78. Kuiondoa kompyuta penye jua na kuitenga na ukuta kwaweza kuleta faida sawa na ile ya kipozeo cha ghali, na hakuna alipwaye. Hali kadhalika vumbi jekundu la barabara za murram huziba mapezi ya alumini bila kuuliza bei. Lipanguswe kwa brashi laini, umeme ukiwa umezimwa, na feni ikishikwa isizunguke.

Liko jambo moja liwahusulo askari kuliko watu wengine, nalo ni uhamisho. NH-D15 pamoja na feni zake ina uzito wa gramu 1,320, nayo huning'inia kwenye bodi iliyosimama wima. Ikipakiwa juu ya lori na kupitishwa penye mashimo siku nzima, yaweza kuivunja bodi. Afadhali kipozeo kizito kifunguliwe kabla ya safari, na kifungwapo tena kitiwe dawa mpya ya kupitisha joto. Urefu wake nao ni milimita 165, haukai katika kila kasha. Apimaye kwanza hajuti baadaye.

Hukumu basi ni hii. Kwa nyumba nyingi, kipozeo kilichokuja na prosesa chatosha. Kazi ikizidi, kile cha Dola 40 chatenda karibu yote yatendwayo na cha 150. Cha ghali si udanganyifu, ila ni anasa ya utulivu, na anasa hununuliwa baada ya haja. Kijana aelezwe hivyo kwa upole, karatasi ya hesabu ikiwa mezani. Dola 110 zitakazobaki zaweza kulipia kilinzi cha umeme unaopanda na kushuka, na daftari za wadogo zake. Atakayefundishwa kupima namna hiyo leo, kesho hatadanganywa sokoni.