Saa ya Kiswahili Katika Kompyuta

Mwanafunzi wa Tarime au Serengeti huhesabu siku tangu macheo. Lakini afunguapo kitabu cha programu hukuta saa ya Kizungu peke yake. Nionavyo, hakuna haja ya kumhamisha. Dawa imo katika urithi wa klasi, ulioingizwa katika lugha ya Simula 67 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway.

Tuseme basi laondoka Tarime saa 10:00 jioni na kufika Mugumu saa 2:30 usiku. Ukitoa 10:00 katika 2:30 wapata namba hasi. Basi na iandikwe klasi mama, Wakati, itunzayo sekunde zilizopita tangu nukta maalumu (kompyuta nyingi hutumia mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za GMT, yaani saa 9 usiku kwetu) pamoja na kanuni ya kutoa. Klasi mtoto, SaaYaKiswahili, hurithi kanuni hiyo bila kuandikwa upya. Kazi yake ni kusoma na kuonyesha saa kwa desturi yetu, mradi iambiwe tarehe na kama ni jioni au usiku. Jibu ni sekunde 16,200, kwani tofauti ya nyakati mbili haijali hesabu ilipoanzia.

Walimu wazuie kosa moja: kuifanya klasi ya Muda kuwa mtoto wa Wakati. Saa 4 na nusu za safari si saa 4 na nusu ya asubuhi.