Timu ya Afrika iliyokufa huku inashinda

JULAI 9, 2015, pale Le Havre nchini Ufaransa, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alipanda jukwaani akavishwa jezi nyeupe yenye madoa mekundu, ile ya wakali wa milima kwenye Tour de France. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuivaa. Siku tisa baadaye timu yake, MTN-Qhubeka, ikashinda hatua nzima ya mbio hizo. Ilikuwa Julai 18, siku aliyozaliwa Nelson Mandela, na hiyo ndiyo ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour.

Leo timu hiyo haipo. Haikushuka daraja na haikufungiwa. Iliishiwa mdhamini, basi.

Kwa shabiki wa soka jambo hili ni gumu kumeza. Simba ilipoachana na SportPesa mwaka 2022 ikahamia M-Bet, kilichobadilika ni maandishi kifuani. Klabu ilibaki Simba, wanachama walewale, mtaa uleule wa Msimbazi, Yanga akiwa mtani yuleyule. Kwenye baiskeli maandishi ya kifuani ndiyo klabu yenyewe. Mdhamini akiondoka anaondoka na jina, na mara nyingi anaondoka na mishahara yote. Waliokuwa wakiifuata Ihefu kabla haijageuka Singida Black Stars wanaweza kupata picha kidogo, ila hata hapo kulibaki ligi yenye viwanja na mgawo wa fedha za televisheni.

Timu ya baiskeli haina uwanja. Mbio zinapita barabarani, watu wanasimama pembeni na vyakula vyao, hawalipi hata senti. Hakuna kiingilio. Haki za televisheni za Tour ni mali ya kampuni ya ASO inayoandaa mbio hizo, na timu hazipati mgawo wa maana kama ule wa klabu za England. Zawadi ya bingwa wa Tour ni euro 500,000, na kwa desturi anagawana na wenzake pamoja na watumishi wa timu. Wachezaji wanahama bila ada kubwa za uhamisho, kwa hiyo ile biashara ya kulea kijana na kumuuza kwa mabilioni nayo haipo. Kinachobaki ni mfuko wa mdhamini.

Aliyeutafuta mfuko huo kwa ajili ya Afrika ni Douglas Ryder, Msauzi aliyewahi kushindana kwa baiskeli mwenyewe. Alianza na MTN, wale wa simu ambao mashabiki wa soka wanawajua kwa kombe la MTN8. Baadaye wakaungana na Qhubeka, taasisi ya Afrika Kusini inayogawa baiskeli vijijini ili mtoto asitembee saa nzima kwenda shule. Neno lenyewe katika lugha za Kinguni lina maana ya kusonga mbele. Mwaka 2013 timu ikapanda ngazi ya pili duniani, na Machi mwaka huohuo ikaalikwa Milan-San Remo, moja ya mbio kongwe na kubwa za siku moja. Theluji ilianguka hadi mbio zikasimamishwa katikati, watu wakapakiwa kwenye mabasi, kisha wakaendelea mbele ya safari. Mwisho wa siku Mjerumani Gerald Ciolek, akiwa na jezi ya timu hiyo ya Kiafrika, akawapiga kwa kasi Peter Sagan na Fabian Cancellara. Ni sawa na timu ya Championship kuingia Emirates na kutoka na pointi tatu.

Kikosi cha Tour ya 2015 ndicho cha kukumbukwa. Kati ya watu tisa, watano walikuwa Waafrika: Teklehaimanot na Merhawi Kudus wa Eritrea, pamoja na Louis Meintjes, Reinardt Janse van Rensburg na Jacques Janse van Rensburg wa Afrika Kusini. Waliosema hawa wamepewa nafasi ya huruma walinyamazishwa mapema. Kule Mende, Wafaransa wawili, Thibaut Pinot na Romain Bardet, walikuwa mbele wakiviziana. Muingereza Steve Cummings akatokea nyuma, akawapita kama hawapo, akashinda.

Halafu fedha zikabadilika. MTN ikajitoa kwenye jina, na kuanzia 2016 timu ikaitwa Dimension Data, kampuni ya teknolojia yenye asili ya Afrika Kusini ambayo wakati huo ilikuwa tayari mali ya NTT ya Japan. Mkwanja uliongezeka, timu ikapanda WorldTour, ngazi ya juu kabisa, na Mark Cavendish akasajiliwa. Mwaka huohuo Cavendish alishinda hatua nne za Tour na kuvaa jezi ya njano. Cummings akaongeza ya tano. Kwa matokeo, hakuna wa kulalamika.

Lakini hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Ngazi ya juu inataka pointi, na pointi za haraka zinanunuliwa Ulaya. Mdhamini wa kimataifa naye anataka sura inayouza bidhaa London na Tokyo kuliko Asmara. Kidogo kidogo timu iliyoanzishwa ili kuwapa Waafrika njia ikawa inawategemea wengine kubeba jina lake. Tazama Giro d'Italia ya 2021: ilishinda hatua tatu, kazi kubwa kwelikweli, kupitia Mauro Schmid wa Uswisi, Giacomo Nizzolo wa Italia na Victor Campenaerts wa Ubelgiji. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye orodha hiyo. Kumlaumu Ryder peke yake si haki. Bila pointi angepoteza leseni, na bila leseni asingekuwa na cha kumuuzia mdhamini yeyote.

Wakati wa Giro hiyo timu ilishabadilisha jina tena na tena. Mwaka 2020 iliitwa NTT, nao wakaondoka mwisho wa msimu. Mwaka 2021 ikaanza kama Qhubeka Assos, kwa msaada wa kampuni ya nguo za baiskeli. Mwezi Juni ukatangazwa mkataba wa miaka mitano na NextHash, kampuni ya biashara ya mali za kidijitali, na jina likawa Qhubeka NextHash. Kabla mwaka haujaisha Ryder alikuwa sokoni tena akitafuta fedha. Leseni ya 2022 haikupatikana. Wachezaji wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Wanaosema timu nzuri haiwezi kukosa tajiri, wamuulize aliyekuwa Team Sky. Sky ilitangaza Desemba 2018 kuwa inaacha, na hiyo ilikuwa timu ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyebeba Tour mara nne. Iliokolewa na mtu mmoja, Jim Ratcliffe, kupitia kampuni yake ya Ineos. Ndiye huyuhuyu anayemiliki sehemu ya Manchester United. Timu ikabaki na basi lake, makocha wake na mastaa wake, na mwaka uleule wa 2019 Egan Bernal akaipa Tour nyingine. Qhubeka iliposimama mlangoni hakutokea Ratcliffe wa Afrika. Si kwamba bara halina matajiri. Pesa za michezo zinakimbilia kwenye mpira, na hata pale serikali inapotaka kujitangaza, kama Rwanda ilivyofanya kwa Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi ya Arsenal tangu 2018, inachagua macho ya mashabiki wa soka.

Vipaji havikusubiri. Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa na miaka 15 Teklehaimanot alipovaa yale madoa. Alipitia kituo cha shirikisho la dunia, UCI, huko Uswisi, akaenda Delko ya Ufaransa, nayo ikaishiwa fedha katikati ya 2021. Akadakwa na Intermarché ya Ubelgiji. Machi 2022 akashinda Gent-Wevelgem, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Mtu mweusi kutoka Afrika hakuwa amewahi kushinda hatua hata moja kabla yake. Heshima ni ya Eritrea, ila jina lililosomeka kwenye luninga ni la supamaketi.

Na hata supamaketi hazidumu. Mwishoni mwa 2025 Intermarché iliunganishwa na Lotto, na Girmay akahamia NSN, iliyokuwa Israel-Premier Tech hadi mdhamini wake kutoka Canada alipojiondoa baada ya maandamano ya Vuelta. Nyuma ya NSN yupo Andrés Iniesta, yule wa Barcelona.

Septemba 2025 Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia, ya kwanza Afrika, na barabara zilijaa watu kuliko viwanja vingi vya mpira. Bingwa alikuwa Tadej Pogačar, ambaye mwajiri wake wa kila siku ni timu yenye jina la Falme za Kiarabu. Ryder naye alirudi kazini mwaka 2023 na timu mpya, Q36.5, na sasa ana Tom Pidcock, aliyemaliza wa tatu kwenye Vuelta ya 2025. Jina la Q36.5 ni la kampuni ya nguo ya Italia, na usajili ni wa Uswisi.