TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA: BAHARI INAANZIA UANI KWETU



Tangu jiwe la msingi la bandari ya uvuvi lilipowekwa hapa Kilwa Masoko Septemba 2023, viwanja vya ufukweni vimekuwa gumzo. Anayeuza anauza, anayejenga anajenga, na tawi halina ugomvi na maendeleo ya mtu. Lakini tumeona tuseme nanyi jambo moja kabla mvua hazijaanza, kwa sababu mvua ndiyo inayoanika siri za ua wa kila mmoja wetu.

Nyumba nyingi mpya za pwani zinaanza kwa mtindo mmoja. Kiwanja kinafyekwa chote mpaka kwenye mchanga. Mikoko inakatwa ili bahari ionekane barazani, mivinje inaangushwa (na Kivinje yenyewe imebeba jina la mti huo!), na ile mimea inayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau inang'olewa kama magugu. Kisha unapandwa ukoka. Ukoka wa mchangani hauna subira, ukikosa mbolea unageuka njano, basi mwenye nyumba anamwaga urea. Mchanga haushiki mbolea. Mvua ikipiga, sehemu kubwa inashuka baharini, na huko inakwenda kurutubisha uchafu wa kijani unaotanda juu ya majani ya bahari na matumbawe mpaka yanakosa mwanga.

Kwenye majani hayo ndiko tasi wanakolisha na changu wadogo wanakojificha. Majani yakifa, mwenye mtumbwi anatembea mbali zaidi kwa samaki wachache zaidi, na mafuta ya mashine ni yake mwenyewe. Akina mama wanaoshuka bamvua kutafuta chaza na pweza hawana hata mashine ya kuwapeleka mbali. Wakulima wa mwani wa Songosongo na Mchinga nao wanayategemea maji haya haya.

Asiye na ukoka ana choo. Hapa tuseme wazi, maana jambo hili linasemwa kwa kunong'ona tu. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina matundu kama chekeche. Shimo lililochimbwa hatua chache kutoka majini, bila kujengewa, halihifadhi kitu. Kinachoingia kinapenya, kinafika kisimani kwa jirani na ufukweni wanakoogelea watoto. Kibaya zaidi ni wale wanaosubiri mvua kubwa usiku ili watapishe choo, wakidhani maji yatachukua kila kitu. Yanachukua, ndiyo. Kipindupindu kinapoingia mtaani hakiulizi nani alifungua shimo.

Kuhusu mikoko, ushahidi tunao mbele ya macho, ng'ambo ya maji tu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mojawapo ya sababu ilikuwa mawimbi yaliyokuwa yakila ufukwe na kuta za Gereza. Kazi iliyofanyika pale haikuwa ya mawe peke yake, mikoko pia ilipandwa, na mwaka 2014 magofu yakatolewa kwenye orodha hiyo. Leo mtu anakata mikoko iliyo mbele ya nyumba yake, halafu anakopa pesa ajenge ukuta wa kuzuia mawimbi. Hesabu hiyo sisi hatuielewi.

Tunajua kuna wanachama watakaosema: mbona mnatubana sisi, waambieni wenye hoteli na matajiri waliokuja juzi. Hoja hiyo ina ukweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mikoko ni hifadhi ya misitu isiyokatwa bila kibali. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mvuvi mwenye kibanda tu, na tawi litalisema hilo popote litakapopata nafasi. Ila tukienda halmashauri kudai gari la kunyonya majitaka lifike kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, swali la kwanza litakuwa kuhusu nyumba zetu wenyewe. Tunataka tuwe na jibu.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mwenye nyumba ya ufukweni aache ukanda wa mimea ya asili kati ya ua wake na maji, asiufyeke, na palipo tupu apande. Ukoka uishie karibu na nyumba, na mbolea ya chumvichumvi iachwe. Samadi kidogo iliyooza inatosha, nayo isiwekwe mvua ikiwa inakaribia. Majani ya kufagia yarundikwe nyuma ya nyumba yawe mboji, yasisukumwe ufukweni. Maji ya kufulia yamwagwe kwenye migomba. Anayechimba shimo jipya alichimbe upande wa bara, mbali na kisima, na alijengee. Na mchanga wa pwani usichotwe kwa ujenzi, hata ndoo moja.

Viongozi wa tawi wenye nyumba ufukweni ndio wataanza, na wanachama wana haki ya kupita kuangalia. Mabalozi wapitie nyumba za pwani kwenye maeneo yao na kuleta majina ya wenye vyoo vinavyovuja, si kwa ajili ya kuwashtaki, bali tujue ni wangapi wanaohitaji kusaidiana gharama za kujengea mashimo. Majina hayo yapelekwe kwa katibu wa tawi, yasiwekwe humu kwenye kundi.

Imetolewa na Uongozi wa Tawi,
Kilwa Masoko.