Kibandiko cha Motokaa na Siri za Safari



Vijana wametuuliza: motokaa huko Dubai hulipaje ushuru wa barabara pasipo kusimama? Tangu Julai 2007 yako huko malango yaitwayo Salik, na gari hubandikwa kiooni kipande chembamba chenye chipu ndogo. Hakina betri. Lango hupeleka mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hayo hukipa kipande nguvu ya kujibu. Nacho hutaja namba yake, fedha zikakatwa katika hesabu ya mwenye gari. Hapana foleni wala kutafuta chenji mifukoni.

Lakini lango liandikalo fedha huandika pia saa na mahali. Daftari hilo ni amana. Aliyepewa kwa ajili ya ushuru hana ruhusa ya kulichungua ili ajue fulani alikwenda wapi usiku, kwani Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Tena kipande hutaja gari tu. Hakimjui aliyeshika usukani. Basi baba ambaye gari limeandikwa kwa jina lake, akitia shaka juu ya mwanawe mtu mzima, na amwulize mwenyewe kwa upole kabla ya kulifungua daftari.