Faili la Geneva, Karatasi ya Kasika

Tarehe 1 Oktoba 2010, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoko Geneva, ilitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 500 juu ya mauaji na ukatili uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003. Wengi tunaijua kwa jina la Ripoti Mapping. Inaeleza matukio 617, na Kivu Kusini imo kwa wingi: hospitali ya Lemera, ambako wagonjwa waliuawa vitandani Oktoba 1996; Kasika, Agosti 1998; Makobola, mwaka 1999 ulipokuwa ukiingia. Tangu siku hiyo ripoti iko mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Hata hivyo, Desemba 2018, akipokea Nobeli ya Amani mjini Oslo, Daktari Denis Mukwege alisema imelala kwenye droo ya ofisi huko New York ikiota ukungu.

Mukwege alikuwa anadai haki, na dai hilo bado halijajibiwa. Lakini maneno yake yanagusa pia jambo ambalo sisi watu wa Bukavu, huku Kivu Kusini, tunalichukulia kijuujuu tunapobishana kama tuhifadhi kumbukumbu zetu kwa karatasi au kwa kompyuta. Kitu kinaweza kuwa salama kabisa na bado kisimfikie mwenyewe. Na kinaweza kuwa mbele ya macho ya mwenyewe leo, kesho kikawa majivu.

Tuanze na karatasi, maana ndiyo tuliyonayo. Mvua hapa zinaanza Septemba na kwenda hadi Mei. Kabati lililo karibu na ukuta wenye unyevu hufuga ukungu, na mchwa hawajui tofauti ya hati ya parseli na gazeti kuukuu. Huko Kadutu, mjini kwetu, nyumba za mbao zimebanana kiasi kwamba moto wa jiko moja huondoka na mtaa. Kisha vita: 1996, 1998, 2004, Februari 2025. Mporaji akiingia ofisini anabeba kompyuta na viti. Madaftari hana kazi nayo, anayamwaga chini na kuyakanyaga.

Sasa fikiria rafu za maktaba za ISP (chuo cha ualimu), za Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanza 1989, na za vyuo vingine vya mji huu. Humo mna TFC na memwari, yaani kazi za kuhitimu, za vizazi vya wanafunzi: ndoa za kabila la Bashi, udongo unaoporomoka kwenye miteremko ya Ibanda, biashara ya samaki wa Ziwa Kivu, simulizi za wazee wa Mwenga ambao wamekwisha kufariki. Nyingi hazikuchapishwa popote. Mara nyingi nakala ya maktaba ndiyo pekee inayojulikana ilipo, kwani ile ya mwandishi ilipotea katika kuhamahama. Kule Lwiro, katika Kabare, kituo kilichoanzishwa na Wabelgiji 1947 kwa jina la IRSAC kina maktaba na mikusanyo ya mimea na wanyama ambayo watafiti wa eneo zima la Maziwa Makuu wanaihitaji. Kwa hazina ya namna hii sioni nafasi ya kusitasita: ipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, na mafaili yatoke nje ya Bukavu. Moto ulipounguza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 2021, sehemu kubwa ya mkusanyo wake juu ya Afrika iliteketea. Vilivyokuwa vimekwisha kunakiliwa kwa kompyuta vilibaki na mahali pa kusomwa.

Wapo wanaodhani kwamba kikishaingia kwenye mashine, kazi imekwisha. Mji huu uko pale Ruzizi unapotoka ziwani, mto wenye mabwawa ya umeme, la kwanza lao likifanya kazi tangu enzi za ukoloni, na bado delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ndiyo ratiba yetu. Flashi ikikaa miaka bila kuchomekwa popote inaweza kupoteza ilichobeba. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa takribani siku 20. Aliyeweka nyaraka zake zote mtandaoni hakuweza kuzifungua. Hata matajiri hawajasalimika: Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi Oktoba 2023, na kwa miezi mingi tasnifu zilizokuwa zikisomwa kwa kompyuta hazikupatikana.

Ndiyo maana naona tunakosea kuuliza kipi kishinde. Kilicho kwenye karatasi peke yake kiingizwe kwenye kompyuta, ili kiwe na pa kukimbilia. Kilicho kwenye kompyuta peke yake kichapishwe, ili kiwafikie wenye nacho. Mama wa Kasika hatanunua mega za kupakua kurasa 500, kisha azisome kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kurasa zinazoihusu Mwenga, ilimo Kasika, ni chache. Zikitolewa kwa Kiswahili, kwa printa ya toneri kwa sababu wino wa maji huyeyuka mvua ikizigusa, zinaweza kukaa parokiani, shuleni, kwa chifu, na kusomwa kwa sauti.

Kuna jambo moja ambalo wingi wa nakala haulifai. Majina ya wanaotuhumiwa hayamo kwenye ripoti iliyotangazwa; yamehifadhiwa kwa siri mikononi mwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Majina ya mashahidi na faili za wanawake waliotibiwa baada ya kubakwa ni vya kulindwa hivyo hivyo. Hapo nakala chache, zilizofungwa kwa funguo na kuwekwa mbali, ndizo zinazookoa maisha.

Kwa mengine yote kinachotukwamisha ni fedha, na si nyingi sana. Chuo kinachomdai mwanafunzi nakala zilizojalidiwa za memwari kinaweza kumdai faili pia, na kukubaliana na chuo cha Kisangani au Lubumbashi vitunziane mafaili. Diski inunuliwe mpya kila baada ya miaka michache na vilivyomo vihamishwe kabla haijakufa. Gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, pamoja na dizeli ya jenereta na mshahara wa mtu mmoja anayejua kila faili liko wapi. Ikiachiwa mradi wa mfadhili wa miaka 2, mradi ukiisha atakayeondoka kwanza ni mtu huyo.